Maswali ya Wasomaji: Daftari la Waumini Kuingia Kwenye Kompyuta

SWALI: Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa Halmashauri ya Walei katika parokia moja ya vijijini wilayani Newala. Tuna vigango saba (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) na jumuiya ndogo ndogo nyingi, na kumbukumbu zetu zimegawanyika: vitabu vya ubatizo na ndoa viko ofisini kwa paroko, kila jumuiya ina daftari lake, na daftari la zaka liko kwa mweka hazina. Ukiyalinganisha, hayapatani. Vijana wetu wamependekeza tununue programu ya kusimamia waumini, ambayo hulipiwa kila mwaka na hufanya kazi kwa intaneti. Wazee wengine wanahofia kwamba siri za watu zitatoka nje, na wengine wanasema kitabu cha ubatizo hakipaswi kuguswa. Paroko anataka ushauri wetu kabla ya Majilio. Tumwambie nini?

JIBU: Milele amina, Ndugu Katibu. Mshaurini paroko akubali, lakini ununuzi wa programu uwe hatua ya mwisho ya kazi yenyewe. Madaftari matatu yasiyopatana yakiingizwa kwenye kompyuta yataendelea kutopatana, na kosa ambalo jana lilionekana na mzee mmoja wa jumuiya litachapishwa kwenye kila orodha bila mtu kulitilia shaka.

Nianze na vitabu vya ubatizo, maana hapo wazee wenu wako sahihi kabisa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, vitunzwe kwa uangalifu, na inaagiza kwamba kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima viandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Ndiyo sababu binti aliyebatizwa kwenu akifunga ndoa Dar es Salaam, taarifa hurudishwa Newala na kuandikwa kando ya jina lake. Programu haichukui nafasi ya kitabu hicho. Kazi yake ni kumwelekeza katibu kwenye kitabu, ukurasa na namba, ili mtu aliyetoka mbali kufuata cheti asisubiri kutwa nzima kurasa zikifunuliwa, na ili kitabu chenyewe, ambacho karatasi zake zimechakaa, kishikwe mara chache.

Kuhusu siri, hofu ya wazee ina msingi katika sheria ya nchi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu imani ya dini kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na kwa kawaida taarifa za namna hiyo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Sheria hiyo pia inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni jimboni, yaani ofisi ya askofu, utaratibu wa usajili ukoje kabla hamjachapa hata fomu moja, na fomu yenyewe iwe na sentensi inayoeleza taarifa zitatumika kwa kazi gani, nani atazisoma, na mahali pa kuweka sahihi au dole gumba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona litawachosha kuliko yote, nalo ni majina. Kwenu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, jina la ubatizo, na jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, na yote manne ni yake kwa haki. Jumuiya inamjua kwa moja, paroko kwa lingine, na mweka hazina ameandika lile alilotajiwa siku ya zaka. Programu nyingi zilizotengenezwa ng'ambo zimejengwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Mkizitumia hivyo hivyo, mama mmoja atahesabiwa kuwa waumini watatu, na wawili kati yao wataonekana wametoweka kanisani. Kwa hiyo chagueni programu inayoruhusu kuongeza nafasi za majina mengine, na kitambulisho cha kudumu cha muumini kiwe namba yake ya ubatizo pamoja na jina la parokia alikobatizwa. Namba ya simu haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu simu moja hutumiwa na watu wengi nyumbani na laini hubadilishwa.

Neno kaya nalo linahitaji kufikiriwa. Programu itauliza mkuu wa kaya ni nani, na katika nyumba zenu jibu haliko wazi kila mara: mtoto analelewa na bibi au mjomba, mama yuko Mtwara mjini kikazi, baba ana nyumba mbili. Zaidi ya hayo, katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi Waislamu na Wakristo ni ndugu wa damu wanaoishi chini ya paa moja. Mume Mwislamu asiandikwe kwenye orodha ya kanisa kwa sababu tu mkewe ni mwanajumuiya. Muandikeni muumini peke yake, kisha muonyeshe ni nani wa kutafutwa akiugua, kwa ridhaa ya huyo anayetajwa.

Fomu zijazwe kwenye mikutano ya jumuiya, ambako watu wanafahamiana na kosa hurekebishwa papo hapo, na zisomwe kwa sauti kwa wasioweza kusoma, isipokuwa mambo ambayo mtu angependa kuyasema faraghani. Epukeni Oktoba hadi Desemba, wakati wa mavuno na minada ya korosho, kwa maana hamtawapata watu. Anzeni na kigango kimoja.

Ndugu Katibu, jambo ninaloliomba kwa moyo wote ni hili la zaka. Programu hizi hutoa kwa urahisi sana orodha ya wasiotoa, na orodha ikishakuwapo, hishima ya mtu maskini inakuwa mikononi mwa yeyote anayeweza kuichapa. Nimesikia manung'uniko ya familia katika sehemu mbalimbali za nchi kwamba mgonjwa wao hakutembelewa, au ibada ya mazishi ilicheleweshwa, hadi michango ikakaguliwa. Msiruhusu kompyuta iurahisishe ukatili huo. Hesabu za zaka zionwe na mweka hazina na paroko tu, kiongozi wa jumuiya asizione kabisa, na orodha ya kwanza mtakayoiomba kila mwezi iwe ya wazee wasiofika kanisani, wagonjwa wanaosubiri Komunyo na watoto waliofikia umri wa mafundisho ya katekista. Hilo ndilo litakaloonyesha kama fedha zenu zilitumika vizuri.

Kuhusu intaneti, kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi huo mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, na Jumapili ya tarehe 12 mikongo ya mawasiliano ya baharini ilipata hitilafu na intaneti ikasumbua nchi nzima. Kwa parokia ya vijijini ningependelea programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta ya ofisi hata mtandao usipokuwapo. Zipo programu huria zisizo na ada, mfano ChurchCRM, ambayo inaweza kusimikwa kwenye mashine yenu wenyewe, ingawa inahitaji kijana anayeelewa seva na hifadhidata. Kama hamna mtu wa namna hiyo, jedwali la Excel lililopangwa vizuri litawatosha kwa mwaka wa kwanza. Mkiamua kulipia, mwulizeni muuzaji kama mtaweza kutoa taarifa zenu zote katika faili la jedwali siku mtakapoacha kulipa, na asipojibu waziwazi, msisaini.

Nakala ya akiba iwekwe kila wiki kwenye diski ya nje yenye neno la siri, ifungiwe kabatini pamoja na vitabu vya ubatizo. Akaunti kuu iandikishwe kwa jina la parokia, isiwe ya kijana aliyeisimika wala ya paroko binafsi, kwa sababu mapadri huhamishwa na vijana huondoka kutafuta kazi. Kila uongozi unapobadilika, makabidhiano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha Halmashauri, na maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo hiyo.