Kiwanja Kinyerezi karibu na mto: mafuriko na bima

Mkuu, umeuliza kama bima ya nyumba itakulipa mafuriko yakikukuta hapo Kinyerezi, Dar es Salaam, maana dalali kakuhakikishia maji hayafiki. Dalali mwachie habari za bei. Waulize waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 maji yaliishia wapi, kisha kagua kuta za majirani, alama ya tope utaiona tu. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, kwa hiyo unaweza kuzolewa na mvua ambayo kwako haikunyesha. Na kila paa jipya, kila ua unaosakafiwa huko juu, unaongeza maji yanayokimbilia bondeni.

Pima na umbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukiwa humo, achana nacho, usianze hata kuuliza bima.

Ukiwa nje: bima nyingi za nyumba msingi wake ni moto, mafuriko huwa nyongeza. Hakikisha yameandikwa kwenye mkataba wenyewe, si kwenye kipeperushi (vipeperushi vinaahidi hadi mbingu). Soma kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe, na kama uzio na vyombo vimo. Wengi wanaumia hapa: nyumba ya milioni 100 ukiikatia bima ya milioni 50, hasara ya milioni 20 unaweza kulipwa 10 tu, kwa kuwa umekatia nusu ya thamani. Kampuni iwe imesajiliwa TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania), na kata bima kabla ya masika, wingu likishatanda utasumbuliwa.