Mvua ya Mwezi wa Nane

MASWALI YA WASOMAJI: UANDISHI WA FILAMU

Swali: Ndugu Mshauri, ninaandika muswada wa filamu fupi ya dakika ishirini. Inaanza ndani ya treni ya umeme itokayo Dar es Salaam kuja Dodoma, mwezi wa nane. Kijana mmoja anamsimulia abiria mwenzake, mgeni kutoka Bukoba, jinsi mdogo wake alivyozama bwawani karibu na Hombolo mwaka mmoja uliopita, mwezi kama huo, na jinsi mvua kubwa ya siku ile ilivyomzuia kuuona mkono wa mdogo wake majini. Ukweli, unaojulikana mwishoni, ni kwamba aliuona na hakuingia. Rafiki zangu wamegawanyika: wapo waliosema wamejua tangu ukurasa wa kwanza kuwa anadanganya, na wapo waliofika mwisho wakadhani nimekosea kuandika. Nimetazama mianzo ya filamu nyingi za kisaikolojia za nje, lakini kila nikiiga ninajiona nimevaa koti la mtu mwingine. Nifanyeje?
Mwandishi chipukizi, Nkuhungu, Dodoma

Jibu: Ndugu yangu, nilipofika kwenye hiyo mvua kubwa nilishika kalamu nyekundu ili nikusahihishe, kwa sababu kila aliyekulia Dodoma anajua kuwa mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwamba Agosti ni mwezi wa upepo, vumbi na midomo kupasuka. Kisha nikaiweka kalamu chini. Uwe uliiandika kwa makusudi au ilikuponyoka, hiyo mvua ndiyo kitu bora kuliko vyote katika muswada wako, na ningeijenga filamu nzima juu yake.

Nitaeleza kwa nini. Msimulizi asiyeaminika akidanganya ovyo ovyo, mtazamaji humchoka mapema, lakini akiwa na uongo mmoja anaouhitaji ili aweze kulala usiku, mtazamaji humfuata hata baada ya kumshuku. Kijana wako anaihitaji mvua. Ukimwondolea mvua, maji yanakuwa tulivu, jua linawaka na mkono unaonekana, naye anabaki peke yake ukingoni na miguu yake isiyosogea. Kwa hiyo uongo wa mwanzo na siri ya mwisho ni kitu kimoja. Nimesoma miswada mingi ya vijana ambamo uongo wa mwanzo hauhusiani kabisa na siri ya mwisho, na huo ndio ugonjwa wake mkubwa.

Linabaki suala la haki kwa mtazamaji. Watambaji wetu wa hadithi walilimaliza mlangoni: hadhira iliitikia «hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea», na tangu hapo hakuna aliyeweza kulalamika kuwa ametapeliwa, kwa kuwa uongo ulikaribishwa kwa jina lake. Kijana wako hatangulizi kiitikio cha namna hiyo. Anasema ameona kwa macho yake. Basi ile ruhusa ambayo mtambaji aliiomba kwa mdomo, wewe huna budi kuiomba kwa kamera, na kuiomba mapema.

Zipo filamu mbili za mwaka 1950 zinazoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Katika Stage Fright ya Alfred Hitchcock, mara tu baada ya kuanza, mwanamume aliye ndani ya gari anasimulia tukio la mauaji, nasi tunaonyeshwa picha za anachokisema. Mwishoni tunagundua kuwa picha zile zilikuwa za uongo, na watazamaji wengi walikasirika, hata Hitchcock mwenyewe baadaye akakiri kwa François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, kuwa lilikuwa kosa. Katika Rashomon ya Akira Kurosawa picha zinadanganya zaidi, kwa kuwa tukio moja linaonyeshwa mara nne kwa namna zisizopatana, lakini hakuna anayedai kuwa ametapeliwa. Tofauti imo mwanzoni. Kurosawa anafungua kwa lango lililobomoka, mvua ya kutisha (inasemekana maji yalitiwa wino ili yaonekane kwenye kamera), na mkata kuni anayerudia kusema kwamba haelewi. Tumeonywa. Na uzuri wake ni kwamba huyo anayeshangaa, ambaye tunamchukulia kuwa shahidi wa kweli kwa sababu tu anaonekana kufadhaika, naye ana jambo analolificha.

Kwa hiyo usiige lango, wala usiige mvua ya Japani. Iga lile onyo. Wewe unayo treni. Maeneo ya Kilosa reli inapita kwenye mahandaki, na ndani ya handaki dirisha hugeuka kioo. Mwanzishe kijana akiwa humo, ambapo mtazamaji haoni chochote dirishani isipokuwa uso wa kijana mwenyewe, na maneno «mvua ilikuwa kubwa» yamtoke wakati treni inatoka gizani. Kuanzia hapo safari inaelekea Ugogo, nyasi zinakuwa rangi ya mchanga, makorongo hayana tone la maji, huku sauti yake ikiendelea kueleza mawingu. Mdomo useme uongo, na dirisha litoe ushahidi. Usionyeshe hata picha moja ya mvua, la sivyo utaingia katika shimo alimoingia Hitchcock.

Hata hivyo, mtazamaji wa Bukoba, ambako mvua hazikauki kama huku kwetu, anaweza asishtuke, na huenda hao ndio rafiki zako waliodhani umekosea. Mwongezee dalili moja tu. Upande wa pili wa njia aketi bibi wa Kigogo anayefunga fundo la khanga yake. Akisikia «mvua» na «mwezi wa nane», mikono yake isimame, amtazame kijana kwa muda wa pumzi moja, kisha amalizie kulifunga. Asiseme neno, na kamera isimsogelee. Ukimsogelea, wale waliojua tangu ukurasa wa kwanza watarudi kukucheka, na watakuwa na haki.

Na lile tamko la kwanza la kijana, «sitaongeza wala kupunguza», lifute. Mtu anayeapa kabla hajaulizwa ameshajichongea.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kikundi changu cha maigizo kinataka kumalizia mchezo kwa kufichua kuwa msimulizi wetu muda wote alikuwa mgonjwa wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Je, inafaa?
Mwalimu, Kongwa

Jibu: Mwalimu, ninakushauri usifanye hivyo. Filamu ya Kijerumani ya The Cabinet of Dr. Caligari ilifichua hivyo hivyo mwaka 1920, nayo angalau iliweka dalili mwanzoni: mwanamke ambaye msimulizi anamwita mchumba wake anapita mbele yake bila kumtazama. Kwetu kuna tatizo la ziada, kwa kuwa jina la hospitali hiyo tumeligeuza tusi la mitaani, na katika ukumbi wako hapatakosekana mwanafunzi ambaye ndugu yake ametibiwa pale. Zaidi ya hayo, ugonjwa unamsamehe msimulizi kila kitu alichokisema, wakati mchezo unahitaji awajibike. Kama ni lazima mgonjwa awemo, mfanye yeye kuwa ndiye anayesema kweli tangu dakika ya kwanza, na msimulizi awe mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa heshima, mwenye sauti tulivu, ambaye kila mara mgonjwa anapofungua kinywa anawaambia watazamaji, kwa huruma kubwa, kwamba wasimsikilize.