Kwa nini binti wa kitanda cha jirani kachomwa sindano ya kuchukua kinyama (kipande kidogo cha ini cha kupima) na kaka yangu hajachomwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 46, ana homa ya ini B ya muda mrefu na tulikuwa hatujui. Kapigwa siti skani, majibu yakaja kansa ya ini, wakasema kuchukua kinyama hakuna haja. Kitanda cha jirani kuna binti wa miaka 22 hana homa ya ini, naye ana uvimbe kwenye ini ila yeye kachukuliwa kinyama. Au kaka yangu wamemchukulia poa? Mama Zai, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, pole sana na kuuguza. Hapana, kwa maelezo yako naona wamefuata utaratibu. Iko hivi, ini linapata damu kwa njia mbili, kama robo tatu inatoka kwenye mshipa wa matumboni na robo inaletwa na ateri, sasa kansa ya seli za ini inajilisha kwenye ateri, ndo maana wakichoma ile dawa ya kontrasti (inayofanya damu ionekane kwenye picha) picha za mwanzo uvimbe unang'aa kuliko ini lote, alafu picha za baadae ini linabaki jeupe uvimbe unafifia kuwa mweusi. Mtu mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) au homa ya ini B sugu akionyesha hivyo kwenye uvimbe wa kuanzia sentimita 1, jibu limepatikana bila kinyama, na sindano ina hatari ndogo ya kuvujisha damu au kusambaza seli za kansa kwenye njia iliyopita.

Huyo binti ni habari nyingine kabisa. Kama ini lake ni zima sheria hiyo ya kutegemea picha peke yake haimhusu, na kwa umri huo tunafikiria kansa aina ya fibrolamela, inapenda vijana, kipimo cha damu cha AFP (protini inayopanda kwenye kansa nyingi za ini) mara nyingi kinatoka kawaida, na kwenye picha unaona uvimbe mkubwa wenye kovu katikati. Tabu ni kwamba kuna uvimbe mwingine ambao sio kansa, unawapata sana wanawake vijana, nao una kovu katikati! Hapo lazima hadubini iamue: fibrolamela ina seli kubwa za waridi zilizotenganishwa na nyuzinyuzi, na tangu 2014 inajulikana jeni mbili, DNAJB1 na PRKACA, zinakuwa zimeungana. Kansa ya njia za nyongo nayo inang'aa pembeni kwanza, katikati inajaa polepole, hiyo pia tunataka kinyama.

Ila muulize daktari wenu kitu kimoja, skani ilikuwa na kontrasti na ilipigwa kwa awamu ngapi, yaani picha za mwanzo na za baadae? Kama ni picha za bila dawa basi hazitoshi, irudiwe au apigwe emarai (MRI). Na wewe mwenyewe nenda kapime homa ya ini B, na wadogo zenu wote, mke wake na watoto pia, maana ndugu wa mama mmoja wanaweza kuipata wakati wa kuzaliwa, atakayekutwa hana apate chanjo, atakayekutwa nayo aanze kliniki mapema.