Je, seremala wa Jumamosi anahitaji mashine ya CNC?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kila Jumamosi hutengeneza vigoda na masanduku ya mbao za mulombwa kwa ajili ya jamaa, wala siviuzi. Mtoto wa shemeji yangu ananihimiza ninunue mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC, ile ndogo ya namba 3018. Je, itanifaa?

JIBU: Mwalimu, kwa kazi unazozitaja, sioni kwamba itakufaa. Sehemu kubwa ya Jumamosi yako huenda katika kunyoosha ubao, kuupiga randa na kuusugua kwa msasa, na hapo CNC haitakupunguzia jasho, kwa sababu yenyewe hudai ubao ulionyooka tayari na kufungwa imara mezani, ndipo ifuate mchoro uliouandaa kwenye kompyuta. Isitoshe, namba 3018 inatokana na eneo lake la kazi, takriban sentimita 30 kwa 18, kwa hiyo uso wa kigoda chenye upana wa sentimita 35 hauenei humo.

Lipo na suala la viungo vya mbao, ambalo wauzaji hulipita kimya. Kisu cha mashine hii huzunguka, hivyo hakiwezi kuacha pembe kali ndani ya tundu: kisu chenye kipenyo cha milimita 6 huacha pembe yenye mviringo ambao nusu kipenyo chake ni milimita 3, na ulimi wa mraba, yaani ncha ya ubao inayochomekwa katika tundu hilo, hautaingia mpaka uchukue patasi ukamalizie mwenyewe, au uuviringe ulimi. Patasi hiyo unayo tayari!

Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, mashine ndogo za aina hii husahau kisu kilipokuwa. Usipokuwa umeweka alama ya mahali pa kuanzia, ubao mzuri wa mulombwa utaharibika.

Jibu langu lingekuwa jingine kama ungekuwa ukichonga maandishi, au nakshi ileile mara ishirini. Kwa sasa, mashine ya kushika mkononi ya kuchimbia mifereji, ikiongozwa na kiolezo cha plaiwudi, inatosha. Shauku ikizidi, mpelekee mchoro wako fundi mwenye CNC akukatie kipande kimoja, kisha uhesabu saa ulizotumia kuuchora.