Maswali ya Wasomaji: Kikoa hakipatikani kwa kuhesabu nukta

Ndugu wahariri, natengeneza programu ya kuonyesha tovuti zinazotuletea wageni. Natafuta kikoa, yaani jina alilosajili mwenye tovuti: nachukua jina la hosti (kama www.google.com), nalikata kwenye nukta, nabaki na vipande viwili vya mwisho. Ripoti inasema wageni wametoka "co.tz", "go.tz" na "ac.tz". Nikichukua vitatu, www.google.com inabaki na www yake. Nifanyeje?
*Msomaji, Nzuguni, Dodoma*

Ripoti yako imekisomba Chuo Kikuu cha Dodoma pamoja na kila chuo kingine chenye ac.tz, ikawaweka wote kwenye mstari mmoja. Chanzo ni kudhani kwamba nukta zinaonyesha mpaka wa umiliki. Hazionyeshi. Katika udom.ac.tz, "ac.tz" ni mkia wa wote na "udom" ndiyo sehemu ya mwenyewe. Katika google.com, mkia ni "com" peke yake. Japani wana mikia kama chiyoda.tokyo.jp, ambako jina la mtu linaanzia kwenye kipande cha nne kutoka mwisho. Mpaka huo unawekwa na wasajili wa kila nchi, kwa hiyo msimbo hauwezi kuukisia. Lazima upewe orodha.

Orodha yenyewe ipo, inaitwa Public Suffix List. Ilianzishwa na Mozilla na inatunzwa na watu wa kujitolea. Ni faili la maandishi la UTF-8, kanuni moja kwa kila mstari, na mistari inayoanza na // ni maelezo tu. Kanuni ni za aina tatu: mkia wa kawaida kama `co.tz`, wenye nyota kama `*.ck`, yaani kipande chochote mbele ya ck ni sehemu ya mkia. Na wa kutengua wenye alama ya mshangao, kama `!www.ck`, unaosema www.ck haihesabiwi mkia ingawa nyota inaigusa. Kikoa unachokitafuta ni mkia pamoja na kipande kimoja kinachoutangulia.

```
def kikoa(hosti, kanuni):
    v = hosti.rstrip('.').lower().split('.')
    n = len(v) - 1
    for i in range(len(v)):
        jina = '.'.join(v[i:])
        if '!' + jina in kanuni:
            n = i + 1
            break
        nyota = '*.' + '.'.join(v[i+1:])
        if jina in kanuni or nyota in kanuni:
            n = i
            break
    return '.'.join(v[n-1:]) if n > 0 else None
```

`kanuni` ni seti ya mistari ya orodha. Chukua maktaba.udom.ac.tz uifuate. Jina zima halimo, udom.ac.tz halimo, ac.tz limo. Hapo n, yaani mahali mkia unapoanzia tukihesabu kutoka 0, ni 2, na jibu ni udom.ac.tz. Tunaanza na jina refu kwa makusudi, kwa sababu kanuni zikigongana, yenye vipande vingi ndiyo inayoshinda. Ukianza na "tz", nayo ikiwa imo kwenye orodha, utasimama mapema na kurudisha ac.tz, yaani kosa lile lile ulilotuandikia. Jina lisipogusa kanuni yoyote, kipande cha mwisho ndicho mkia. Ndiyo maana n inaanza na `len(v) - 1`. Hosti ikiwa ni "co.tz" yenyewe, rudisha `None`, usilazimishe jibu.

Kazi ya kila siku isitegemee msimbo huu. Uandike ili uelewe, kisha tumia maktaba iliyokwisha kupimwa: tldextract kwa Python, tldts kwa JavaScript, na kwa Go kuna kifurushi cha publicsuffix ndani ya golang.org/x/net.

Nimeweka tldextract, lakini majina mengine yanatoka tupu na anwani za namba zinaleta vioja.
*Msomaji, Kondoa*

Safisha kabla ya kuuliza. Anwani nzima ipitishe kwanza `urlsplit(anwani).hostname`, inayoondoa namba ya bandari (port), njia, na jina la mtumiaji lililo kabla ya @. Hilo la mwisho ni muhimu sana: katika `https://udom.ac.tz@mfano.com/` hosti ni mfano.com, na matapeli wanalijua hilo. Anwani isiyo na `http://` wala `https://` mwanzoni itakupa `None`. Iongezee `//` mbele.

Namba za IP zitenge kwa moduli ya `ipaddress` kabla ya yote. Msimbo wetu wa hapo juu ukipewa 192.168.1.10 utajibu "1.10" bila aibu. tldextract yenyewe huiweka IP nzima kwenye `domain` (sehemu ya mwenyewe) na kuacha `suffix` (mkia) tupu, na "localhost" hivyo hivyo. Kwa hiyo unganisha viwili hivyo pale tu vyote vinapokuwa na kitu ndani.

Majina yenye herufi zisizo za Kilatini huja yakianza na xn--, ilhali faili la orodha limeyaandika kwa herufi zake halisi. Ukisoma faili mwenyewe, geuza pande zote mbili ziwe za namna moja.

Tovuti za wanafunzi wangu zilizo github.io, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti, zote zinahesabiwa kuwa moja. Ni sawa?
*Mwalimu, Singida*

Inategemea unapima nini, Mwalimu. Orodha ina sehemu mbili: ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, yenye mikia ya wasajili, na ya binafsi, yenye mikia ambayo kampuni zimeomba iingizwe kwa kuwa chini yake wanakaa wateja wasiohusiana. github.io iko kwenye ya pili, na tldextract haiitumii mpaka uweke `include_psl_private_domains=True`. Kama unataka kujua nani kalipia jina, iache. Kama unatenganisha watumiaji, iwashe. Kwa vidakuzi (cookies), yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari, usisite kabisa: bila sehemu hiyo, ukurasa wa mwanafunzi mmoja ungeweza kuweka kidakuzi kinachosomwa na ukurasa wa mwenzake. Vivinjari vinakataa kidakuzi kinachowekewa github.io nzima kwa sababu hiyo hiyo vinavyokataa cha co.tz nzima.

Seva yetu haitoki intaneti. Orodha tutaipataje?
*Fundi mitambo, Mpwapwa*

tldextract hujaribu kupakua orodha inapotumika mara ya kwanza, na ikishindwa hutumia nakala iliyokuja nayo. Izuie isijaribu kwa `TLDExtract(suffix_list_urls=())`, la sivyo ombi la kwanza litachelewa likisubiri mtandao. Nakala hiyo huzeeka, kwa hiyo sasisha maktaba kila mnapoipeleka programu kwenye seva. Walio na mtandao wasipakue zaidi ya mara moja kwa siku. Watunzaji wameomba hivyo.

Na mkiwa mnalinganisha majina ili kuruhusu watu kuingia, msiishie kwenye `endswith("dodoma.go.tz")`. Jina kama yeyotedodoma.go.tz nalo linaishia hivyo. Hosti iwe sawa kabisa na dodoma.go.tz, au iishie na `.dodoma.go.tz`, nukta ikiwemo.