Ngalawa kwa Mkazi wa Dodoma: Usianze kama Abiria

Mkazi wa Dodoma anayesema kwamba burudani yake kubwa ni kusafiri kwa tanga huulizwa mara moja bahari ameiona wapi. Swali hilo lilikuwa na uzito zaidi zamani kuliko sasa. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anayetoka kazini Ijumaa anaweza kulala pwani usiku huohuo, kwa kuwa treni ya haraka hutumia saa 3 na nusu hivi, na kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 65 tu kwa barabara. Wapagazi wa karne ya 19 waliokatiza Ugogo wakielekea Bagamoyo hiyohiyo walitembea kwa majuma. Mimi huifanya safari hiyo kila ninapopata nafasi, na ninaandika kwa ajili ya mwenzangu wa bara ambaye amewahi kuitazama ngalawa ikipita na kutamani kuwamo.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usiingie chomboni kama abiria. Abiria huketi katikati, hurushiwa maji, hupiga picha, kisha hushuka. Bahari ameiona, lakini raha ya ngalawa haijamfikia, kwa sababu raha hiyo imo mikononi: katika demani, ile kamba inayoongoza tanga, na katika mpini wa usukani. Ukifika ufukweni, mpe nahodha shikamoo yake, msikilize kidogo, kisha mweleze waziwazi kwamba unataka kufundishwa kazi. Mkubaliane malipo ya siku nzima badala ya malipo ya safari moja, ili asiwe na haraka ya kukurudisha nchi kavu. Manahodha niliowafuata kwa heshima namna hiyo hawakunificha kitu.

Kabla ya kupanda, kizunguke chombo ukakitazame vizuri. Mwili wa ngalawa huchongwa kutoka kwenye gogo, mara nyingi la mwembe. Juu yake hukingamishwa miti miwili, na kwenye ncha za miti hiyo hufungwa ndubi, yaani mbao zinazoteleza juu ya maji kila upande ili chombo kisipinduke. Wanahistoria wengi huuhusisha ufundi huu na mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao uzao wao unaonekana hadi leo Madagaska. Mlingoti ni mfupi, na foromali ndefu hubeba tanga la pembetatu. Karibu kila kiungo kimeshikwa kwa kamba, na ndiyo maana chombo kizima hujinyumbua wimbi linapopita chini yake. Kwenye mashua kubwa mtu anaweza kukaa bila kazi hadi safari ikaisha. Ngalawa haina nafasi ya mtu wa namna hiyo, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuipenda zaidi.

Omba uanze na demani. Ishike kiganjani bila kuizungusha mkononi wala kuifunga mahali popote, kwa sababu upepo ukija ghafla utalazimika kuiachia papo hapo. Ivute taratibu huku macho yakiwa kwenye ukingo wa mbele wa tanga, ule unaofuata foromali. Ukingo huo ukipigapiga, bado hujavuta vya kutosha; ukitulia, simama hapohapo. Utasikia kamba ikikaza na kutetemeka kidogo, kisha maji yataanza kuvuma chini ya miguu yako, na ndubi ya upande wa chini itaanza kuchora mstari mwembamba wa povu. Anayeanza huwa na hamu ya kuendelea kuvuta akidhani ataongeza mwendo, kumbe tanga lililovutwa kupita kiasi huilaza ngalawa na kuipunguzia kasi. Nahodha mmoja mzee wa Bagamoyo, alipojua nimetoka Dodoma, aliniambia, “Mwanangu, tanga halivutwi kama ng’ombe aliyegoma. Likishashika upepo, liache lifanye kazi yake.”

Baada ya demani ndipo ujifunze kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, na hapa naomba usikimbilie kitu kingine mpaka umekielewa. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Huenda kwa kukata mshazari upande huu, kisha upande ule, hadi kifike. Wakati huo mabaharia hutambaa nje juu ya miti ya upande wa joshini, ulikotoka upepo, ili uzito wao ukisawazishe chombo. Kugeuza ni kazi ya wote. Nahodha huipa ngalawa upepo wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, demani huachiwa, tanga hupeperukia mbele, na baharia mmoja hulipitisha mbele ya mlingoti hadi ng’ambo ya pili, ambako demani huvutwa tena. Kwa kitambo kidogo chombo huwa hakina nguvu, kinasukwasukwa tu na mawimbi, halafu tanga hujaa kwa kishindo na ngalawa huruka kwenda mbele. Sijui burudani nyingine inayompa mtu furaha ya ghafla kiasi hicho bila tone la mafuta.

Kuhusu majira, kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka, ilhali kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa mwanafunzi ninapendekeza Oktoba na Novemba, pepo zinapolegea, au asubuhi tulivu za kaskazi. Karibu majira yote alasiri huwa na upepo mkali kuliko asubuhi, kwa hiyo masomo yaanze mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, baki nyumbani hata kama tikiti umeshalipia.

Mtu wa Dodoma anaweza kujiandaa akiwa hukuhuku kwetu, kwa kuwa upepo tunao tele miezi ya kiangazi. Ukipita Mji wa Serikali Mtumba, zitazame bendera: zinaelekea wapi, zinanyooka au zinalegea, na upepo unabadilika saa ngapi. Baada ya muda utaanza kuuhisi kwenye shavu kabla ya kuinua macho, na stadi hiyo ndiyo nahodha hutumia kutwa nzima. Jifunze pia kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Usijaribu hayo Mtera, kwa sababu lile bwawa lina mamba na viboko. Siku ya safari vaa jaketi la kuokolea hata kama mabaharia wote wameyaacha yao, na kubali kazi ya kukumba maji kwa dumu lililokatwa, maana atakayeikataa hafundishwi nyingine.

Jambo linalowasumbua zaidi watu wa bara ni kupwa na kujaa kwa maji. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hurudi nyuma mbali sana na kuziacha ngalawa zimelala mchangani. Kati ya maji kujaa na kupwa hupita saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ngalawa iliyotoka na maji mengi inaweza kulazimika kusubiri nje hadi bahari ijae tena, hata kama nanga yake iko mahali unapoweza kuyaona mapaa ya mji. Mpigie nahodha simu katikati ya juma, muulize maji ya Jumapili yatajaa saa ngapi, na tikiti ya treni ya kurudi Dodoma uikate baada ya kupata jibu lake.