Muulize Mama Mkubwa: "Ikifika magharibi tu, kilio kinaanza"

SWALI: Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi ni mzazi wa mara ya kwanza, nakaa Mbagala, mwanangu wa kiume ana wiki 5. Mchana hana shida kabisa, ananyonya analala, watu wakija wanasema una mtoto mpole wewe, sasa ikifika magharibi ndo anabadilika, analia kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku, anakunja miguu, anajamba, ukimpa ziwa anakamata anaachia. Mama mkwe anasema ni chango nimpe dawa ya mizizi, wifi kaniletea graipu wota, ile dawa ya maji ya tumbo la watoto, jirani anasema maziwa yangu mepesi hayamshibishi nimwanzishie uji, na mwingine kasema mtoto katupiwa jicho. Nimeacha maharage wiki 2, naona ni vile vile tu. Mama yangu alikuja kutoka Tanga kunitunza ila anaondoka wiki ijayo nikitoka arobaini. Juzi tulilia wote wawili, mimi na mtoto. Nifanyeje?
Mzazi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Kwanza kunywa maji, maana najua tangu mchana hujanywa.

Umeniandikia mambo mengi lakini lililonituliza ni moja, kwamba mchana ananyonya na analala vizuri. Mtoto mgonjwa hangoji adhana ya magharibi ndo augue. Mtoto mwenye afya anayelia kwa masaa, saa zile zile kila siku, ukimlisha haachi na ukimbadilisha nepi haachi, hospitali wanaita koliki, na kwetu wengi wanasema chango au gesi. Kuna daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, yeye na wenzake mwaka 1954 waliweka kipimo ambacho bado kinatajwa mpaka leo, kulia zaidi ya masaa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Sasa usikae na saa ukihesabu, nakutajia tu ujue kwamba hata huko kwenye mahospitali makubwa watoto wanalia hivyo hivyo na hakuna aliyewatupia jicho.

Sababu yenyewe mpaka leo haijashikika, tumbo changa linatajwa, uchovu wa mchana kutwa unatajwa, ila mwendo wake unajulikana vizuri. Kinaanza wiki ya 2 au ya 3, kinapanda mpaka kwenye wiki ya 6 hivi, halafu kinashuka, na wengi wakifika miezi 3 au 4 kimeisha. Hebu sasa hesabu, wiki ya 6 ni siku ngapi? Ndo arobaini hiyo! Yaani kilio kinafika juu kabisa wiki ile ile bibi anafunga begi kurudi Tanga, wifi karudi kwake, baba karudi kazini, na mzazi anaachiwa nyumba, ndoo na mtoto anayelia. Mimi nimezalisha miaka mingi na wazazi waliokuja kwangu wakilia wengi walikuwa wiki hiyo. Kwa hiyo kama mama anaweza kuahirisha basi hata kwa wiki 2, mwambie aahirishe, na kama hawezi basi mumeo ajue kuanzia sasa kwamba saa 12 mpaka saa 2 mtoto ni wake, wewe ule, uoge, ulale.

Maziwa yako. Hapa nataka nikae kidogo maana watoto wengi wanaharibiwa hapa. Maziwa ya mama ni mepesi kwa kuyaangalia, hasa yale ya mwanzo, lakini mtoto akiachwa amalize ziwa moja kabla hujamhamisha anapata na yale ya mwisho yenye mafuta. Unataka kujua anashiba? Usiangalie kilio, angalia nepi, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na kadi ya kliniki inaonyesha uzito unapanda, anashiba, jirani apumzike. Uji hapana, maji hapana, mpaka afike miezi 6. Asali ndo kabisa usimlambishe mpaka atimize mwaka, ina vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, inaweza kumlegeza mwili mzima mpaka apumue kwa shida. Maharage rudi ukale mwanangu, umeshajaribu wiki 2 na umeona mwenyewe, mzazi anahitaji chakula.

Dawa ya mizizi usimpe. Simdharau mama mkwe, lakini hakuna anayejua kijiko kimoja kina nguvu kiasi gani, na ini na figo za mtoto wa wiki 5 bado changa. Graipu wota nayo mimi sijawahi kuipenda. Ilianzia Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani, sasa sijui watoto wa zamani walikuwa wanatulia au walikuwa wanalewa! Za siku hizi wameitoa, lakini ushahidi kwamba inatibu kilio ni mdogo, na chochote cha chupa kinamwingizia mtoto tumboni kitu kisicho maziwa. Mvuje, ile dawa ya kienyeji yenye harufu kali, ukifungwa kwenye kitambaa mkononi sigombani nao kama bibi anautaka, mradi kamba isiwe shingoni na mtoto asiufikishe mdomoni.

Sasa jioni ufanye nini. Usingoje alie, saa 11 na nusu anza, mwogeshe maji ya uvuguvugu, punguza taa, zima TV, wageni wa kumpokezana mtoto waje mchana. Mvue! Dar yote hii joto halafu mtoto ana sweta, soksi, kofia ya sufi na shuka la manyoya juu, hata mimi ningelia. Shati moja jepesi na kanga inatosha. Akinyonya hakikisha amekamata mpaka kwenye weusi wa ziwa, sio chuchu peke yake, maana akikamata chuchu tu anameza hewa, halafu mweke begani abeue kabla hujamlaza. Akianza kukunja miguu mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, kiganja chako kinashika paja, tumbo limekaa kwenye mkono, utembee naye hivyo polepole. Au mlaze chali umpeleke magoti tumboni taratibu kama anaendesha baiskeli. Wengine wanatulia ukimfunga kanga kifuani ngozi kwa ngozi ukafagia nyumba, wengine sauti ya feni, wengine ukimwambia shhhh sikioni kwa muda mrefu mpaka midomo inakauka. Jaribu moja kwa dakika 10 au 15 kabla hujabadilisha, ukibadilisha kila dakika unamchanganya. Na kuna siku hakuna kitakachofanya kazi, atalia tu mikononi mwako, hiyo sio kwamba umeshindwa.

Kabla hujasema ni koliki mvue nguo zote umkague. Vidole vya mikono na miguu, nywele yako au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole ukakaza mpaka kikavimba, na nimeshaona. Kinenani na kwenye korodani, kama kuna uvimbe mgumu usiorudi nenda hospitali usiku huo huo. Vile vile nenda usingoje asubuhi ukiona joto limefika 37.5 au mwili umepoa sana, anakataa kunyonya, anapumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anatapika kijani, kuna damu kwenye choo, tumbo limekuwa gumu, utosi umevimba, kitovu kina usaha, ameshtuka degedege au analegea na kulala kupita kawaida. Panado usimpe mwenyewe nyumbani kwa umri huo.

Na mtu akikwambia ana kimeo cha kukatwa au "meno ya plastiki" ya kung'olewa, mbebe mtoto muondoke hapo. Watoto wametoka damu wamekufa kwa vitu hivyo.

SWALI: Assalaam aleikum Mama Mkubwa. Mimi ni baba, niko Likoni, mtoto wetu ana mwezi na nusu na usiku hatulii mpaka nimpakie kwenye tuktuk ya rafiki yangu tuzunguke. Mama yake asema namzoesha vibaya. Na kusema kweli kuna usiku mmoja nilihisi hasira nikaogopa.
Baba wa Binti, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwa umri huo hawezi kuzoea vibaya, mtoto wa wiki 6 hana ujanja, anatulia kwa mtikisiko kwa sababu miezi 9 alikuwa akitikiswa tumboni. Ila petroli ni pesa, mfunge kifuani utembee naye uani, ni mwendo ule ule.

Hiyo hasira umefanya vyema kuisema, wababa wengi huficha. Siku ikija tena, mlaze chali kitandani pake mahali salama, funga mlango, toka nje dakika 5 au 10, mwite mkeo au jirani. Kulia hakumuui. Kumtikisa kwa nguvu ndo kunaua, shingo yake haijakaza na ubongo unagonga fuvu ndani kwa ndani unavuja damu, na ni sekunde chache tu. Na ukiwa umechoka sana usikae naye kwenye kochi usiku, utasinzia abanwe kwenye mito. Mwambie na mama yake haya yote, akasome mwenyewe hapa, naye asikae peke yake na kilio mpaka saa 5.